WENGI WAPE? SAWA, LAKINI KWANZA TUPIME

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu, usingizi umekataa. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mkutano mkuu wa kijiji na leo nalitoa. Ni refu, nitaligawa vipande. Asiye na bando asome kesho.

Niseme mapema: mimi ni muuguzi, ni mtumishi wa umma, chama cha mtu hapa sikigusi. Anayetafuta ugomvi wa vyama amekosea mlango. Kijiji sikitaji, zahanati siitaji, na mama nitakayemsimulia ameniruhusu, jina lake nabaki nalo.

Wanaoujua mwambao wetu wanajua milima ya Livingstone inavyoshuka Ziwa Nyasa. Haishuki, inaanguka. Kijiji chetu kina vitongoji vya juu, ambako kuna zahanati, shule na duka la vocha, na kina kitongoji kimoja chini ziwani. Kutoka chini kuja juu kijana mzima asiye na mzigo anatoka jasho la kukamua. Mjamzito mwenye uchungu anabebwa kwa machela na wanaume wanapokezana.

Huyo mama alifika kwangu alfajiri. Wamepanda tangu usiku wa manane. Njia imeshafunguka yote, kichwa kinaonekana, nguvu za kusukuma hana. Mtoto akatoka kimya. Nikampa alama 3 dakika ya kwanza. Nikampulizia hewa kwa ambu, na mkono mwingine namsugua, huku bibi yake anasali Kipangwa pembeni. Dakika ya tano alama 6. Akalia. Siku hizi ana mashavu, nimempima uzito wiki iliyopita.

Wiki mbili baada ya usiku ule ukaja mkutano mkuu. Ajenda: fedha kidogo za kijiji pamoja na nguvu za wananchi, yaani mawe, mchanga na matofali, ziende wapi. Mapendekezo yaliyobaki mezani mawili. Moja, kumalizia ofisi ya kijiji, bati na sakafu. Pili, nyumba ya kusubiria wajawazito karibu na zahanati, vyumba viwili tu, ili mama wa ziwani apande akiwa bado mzima wiki mbili kabla, alale, ale, asubiri siku yake.

"Wanaotaka ofisi wanyooshe mikono." Ikahesabiwa. "Wanaotaka nyumba ya wazazi." Ikahesabiwa. Ofisi ikashinda kwa mbali, kwa sababu watu wa juu ni wengi na watu wa chini ni wachache, na nusu ya hao wachache hawakupanda siku hiyo. Mwenyekiti akasema, wengi wape. Makofi. Mkutano ukafungwa, watu wakaenda kwenye ulanzi.

Yule mama alinyoosha mkono wake mmoja. Mbele yake kijana mmoja naye alinyoosha wake, wa ofisi. Nilimuuliza baadaye, mdogo wangu, ofisi ya nini? Akanijibu, "Aaa sista, itapendeza tu." Itapendeza tu! Na mkono wake umehesabiwa sawasawa na wa mtu aliyepandishwa mlima akiwa na kichwa cha mtoto kati ya miguu.


SEHEMU YA 2

Kuna mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia tukitoka kanisani: "Dada, demokrasia ni hesabu. Ukianza kuuliza nani anataka sana na nani anataka kidogo, hutamaliza. Huwezi kupima moyo wa mtu."

Mwalimu wangu, nikujibu hapa maana pale kanisani uliniacha na baiskeli yako.

Kupima yasiyopimika ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mgonjwa akija na maumivu simwulizi tu "unaumwa au huumwi?" Ningeuliza hivyo, wodi nzima ingesema ndiyo na ningegawa dawa kwa kufuata vitanda. Namwuliza: kutoka 0 hadi 10, yako ni ngapi? Asiyejua kusoma namwonyesha picha za nyuso, inayocheka mpaka inayolia, ananyooshea kidole. Ni kipimo kamili? Siyo. Kuna mzee wa Kipangwa mwenye mfupa uliovunjika atakwambia 2, na kuna kijana mwenye jipu atakwambia 11. Lakini kipimo chenye kasoro kinanisaidia kuliko kutopima kabisa.

Zile alama 3 na 6 za mtoto nazo zina historia. Ziliwekwa na daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Virginia Apgar, mwaka 1952. Kabla yake mtoto aliyezaliwa akionekana mbaya, mara nyingi aliwekwa pembeni kwa kukisia tu. Yeye akasema angalieni vitu vitano: rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, misuli, pumzi. Kila kimoja kipe 0, 1 au 2, jumlisha. Basi. Hakuna mashine ndani yake, ila watoto waliokuwa wakihesabiwa "hai" au "si hai" wakaanza kuonekana wamesimama wapi katikati. Mtoto wa alama 3 ni hai, na wa alama 9 ni hai. Nikiwapigia mikono wote wawili ni "ndiyo". Nikiwatendea sawa, mmoja anakufa.

Na foleni ya asubuhi je? Watu 30 wana kikohozi na mafua, mtu mmoja anafika na mtoto anayedegedega. Tukipiga kura ya mikono nani aingie kwanza, 30 wanashinda, tena kihalali kabisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeitisha kura hiyo. Wote wanapisha bila kuambiwa, kwa sababu wanaona kwa macho kwamba uzito wa huyu si uzito wao. Watu wetu wanajua kupima. Tatizo ni kwamba tukifika kwenye mkutano tunawanyima mizani, tunawaachia vidole.


SEHEMU YA 3

Sasa wale wa "wengi wape" ndio siku zote, hilo halijawahi kubadilishwa. Nendeni taratibu. Nchi hii hii ilishalibadilisha, tena kwenye jambo kubwa kuliko bati za ofisi.

Februari 1991 Rais Mwinyi aliunda tume, mwenyekiti wake Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kazi yake: kuuliza Watanzania, tuendelee na chama kimoja au tuwe na vyama vingi. Wakazunguka nchi. Matokeo kila mtu wa umri wangu aliyafundishwa: karibu asilimia 80 walisema tubaki na chama kimoja, na karibu asilimia 20 walitaka vingi. Kwa hesabu ya mwalimu wangu kazi imeisha, wengi wape, fungeni mafaili.

Tume haikufunga. Ikapendekeza vyama vingi, serikali ikakubali, na Julai 1, 1992 mfumo ukaanza. Mwaka 1995 tukapiga kura ya vyama vingi.

Kwa nini? Wengine watasema upepo wa dunia, Ukuta wa Berlin, wafadhili. Upepo ulikuwepo, sikatai, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alishafungua mjadala hadharani mwaka 1990. Lakini tume haikuhesabu vichwa tu. Ilisikiliza sababu. Na ndani ya ile 80 kulikuwa na wengi waliosema chama kimoja sawa, lakini hiki kibadilike na kile kiondoke. Mimi naisoma hivi, na msomaji mwingine ana uhuru wake: hiyo "lakini" ilikuwa na uzito. Mtu anayesema "ndiyo, lakini" ameshika kitu kwa vidole viwili. Aliyekuwa kwenye ile 20, wakati ule, akisema vyama vingi mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, alikishika kwa mikono yote.

Wote tunaishi ndani ya uamuzi huo sasa. Hata anayenijibu "wengi wape" anapiga kura kila miaka mitano katika mfumo ulioletwa kwa kutowapa wengi.

Ila hapa mimi siridhiki, na hapa naomba msome vizuri. Uzito ule nani aliupima? Wakubwa. Watu wenye hekima, nakubali, lakini wachache walioketi ofisini wakaamua hii asilimia 20 ni nzito. Leo wakiketi wengine wakaamua asilimia 5, ambayo ni mashemeji zao, ndiyo nzito, tutafanyaje? Uzito wa matakwa hauondoki eti kwa sababu karatasi haiuulizi. Unatafuta mlango mwingine. Pale kijijini unapitia kwa mwenye sauti kubwa, mwenye trekta, anayemjua diwani, anayeweza kukaa kwenye mkutano mpaka saa 12 jioni wakati mwenye watoto ameshaondoka. Hao wanaupima uzito wao kila siku bila karatasi. Mama wa ziwani hana mlango huo.

Ndiyo maana sisemi viongozi wapime. Nasema mizani apewe kila mtu mkononi, ya ukubwa mmoja.


SEHEMU YA 4

Wameniuliza: mizani gani hiyo? Maharage.

Msicheke. Kila mtu mzima anayeingia mkutanoni, miaka 18 na kuendelea kama sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inavyosema, anapewa punje 10. Tajiri 10, bibi 10, mwenyekiti 10. Nyuma ya turubai kuna makopo, kila moja na picha: ofisi, nyumba ya wazazi, bomba la maji, madawati. Unaingia peke yako, unagawa punje zako unavyotaka. Zote kopo moja, sawa. Tano, tatu, mbili, sawa. Ukitoka, anaingia mwingine. Mwisho makopo yanamwagwa mezani mbele ya wote na kuhesabiwa kwa sauti. Asiyejua kusoma hakosi kitu. Wala si uvumbuzi wangu, mabwana shamba na watu wa miradi wamekuwa wakitumia punje na mawe kupanga vipaumbele vijijini miaka mingi. Wanazitumia kwenye semina, wakiondoka tunarudi kwenye mikono.

Tufanye hesabu ya mfano, si ya kijiji chetu. Watu 100, mambo mawili. Watu 60 wanapendelea ofisi kidogo tu, wanaweka 6 ofisi na 4 nyumba ya wazazi. Watu 40 wanaitaka nyumba ya wazazi kufa na kupona, wanaweka zote 10. Ofisi inapata 360. Nyumba inapata 240 na 400, jumla 640. Kwa mikono ofisi ilishinda 60 kwa 40. Ni watu wale wale, hakuna aliyebadilisha mawazo. Tumewauliza swali kamili zaidi.

"Lakini sista, watadanganya! Wa ofisi nao wataweka 10 zote!"

Watadanganya wengine, ndiyo. Wote 60 wakimwaga 10 zote kwenye ofisi, inapata 600 kwa 400 na inashinda. Yaani katika hali mbaya kuliko zote tumerudi pale pale kwenye mikono. Na makopo yakiwa manne kudanganya kuna gharama: ukimwaga zote kwenye ofisi ambayo "itapendeza tu", umejinyima sauti kwenye bomba la maji ambalo mkeo analibebea ndoo kila asubuhi. Mikono haina gharama, ndiyo maana kijana yule aliunyanyua bila kufikiri.

Wenzetu wameenda mbali zaidi. Mwaka 2019, jimbo la Colorado, Marekani, wabunge wa chama cha Democratic katika bunge la jimbo walipewa kila mmoja tokeni 100 za kugawa kwenye miswada iliyokuwa inagombea fedha kidogo. Kwao kura ya kwanza kwa jambo ni tokeni 1, ukitaka kura 2 kwa jambo hilo hilo unalipa 4, kura 3 unalipa 9, kura 4 unalipa 16. Kadiri unavyopiga kelele kwa jambo moja ndivyo kelele inavyokuwa ghali. Ni akili nzuri, inawabana wapayukaji. Kwa kijijini naona itawachosha bibi zetu na kuwapa wajanja nafasi ya kuhesabu kwa niaba yao. Tubaki na 10.

Na siri. Turubai ni muhimu kuliko maharage yenyewe. Kenya mwaka 1988 walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea, wakaiita mlolongo. Kila mtu aliona nani kasimama wapi, na mahali pengine watu waliona kwa macho foleni fupi ikitangazwa mshindi. Mfumo ule ulizikwa. Sisi kwenye mkutano wa kijiji bado tunanyoosha mikono mbele ya mume, mbele ya mwenye duka anayekudai, mbele ya mtendaji. Nimewaona wanawake siku ile wakiangalia kwanza upande wa wanaume ndipo mkono upande.


SEHEMU YA 5

Nilijaribu kabla ya kuandika, ili msiseme nesi anaota.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanawake watupu. Mwisho wa mwaka tulikuwa na salio la faida, tununue nini cha pamoja. Kwa mikono miaka yote ni vitenge vya sare, hakuna mjadala. Safari hii nikaleta maharage na makopo ya maziwa. Kulikuwa na vitenge, masufuria makubwa na turubai la misiba.

Raundi ya kwanza tulihesabu punje zikazidi. Zimezidi sana! Kumbe kuna dada mmoja, simtaji lakini anajijua na anasoma hapa, alikuja na maharage yake kutoka nyumbani kwenye mfuko wa sweta. Tulicheka mpaka machozi. Raundi ya pili nikazipaka punje GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Rangi hiyo haitoki kirahisi wala huipati jikoni. Hesabu ikatimia.

Turubai likashinda. Vitenge vilikuwa na watu wengi waliovipa punje nne nne, tano tano. Turubai lilikuwa na wachache waliolipa tisa na kumi. Mmoja wao alizika mwanae mwezi wa tatu, mvua ikinyesha juu ya wafiwa, na kwa miaka yote ya mikono hatukuwahi kujua kwamba hilo limemkaa. Wapenzi wa vitenge walinuna kidogo, kisha wakasema haya. Hakuna aliyejitoa kikundini. Tatizo lipo, sifichi: kuhesabu kulichukua karibu saa nzima, na kwa mkutano wa mamia ya watu tutahitaji meza kadhaa na wahesabuji wasiolala.

Kikundi hicho hicho kina hisa. Mwenye pesa ananunua hisa nyingi, anaondoka na nyingi. Hiyo nayo ni njia ya kuonyesha unavyotaka kitu, na ndiyo dunia inayoitumia sana: anayetaka zaidi alipe zaidi. Siikubali kwenye mambo ya kijiji. Mia tano ya mjane na mia tano ya mwenye shamba la parachichi hazina uzito mmoja mfukoni. Punje haziuzwi, kila mtu anazo 10, na zinakwisha.

Kuna swali moja lilinisumbua usiku. Je, chuki? Mtu anaweza kumchukia jirani kwa punje 10. Mwaka 2009 serikali iliendesha kura za siri za kutaja washukiwa wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Nia ilikuwa kuokoa watu, sikatai. Lakini mtu kuwa na hatia au kutokuwa nayo, hilo si la mikono wala la maharage, ni la ushahidi. Uhai wa mtu, haki ya mtoto kwenda shule, nani ni mchawi, haya usiniwekee kopo. Punje ni za mambo ambayo sote tuna haki ya kuyataka na fedha haitoshi kwa yote.

Na kwa wanaosema haya ni ya vijijini tu, kumbukeni Zanzibar. Mwaka 1995 urais ulikwenda kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Kichwa kwa kichwa, karibu nusu kwa nusu, na karatasi haikuuliza ni wangapi wangeweza kuishi na upande wa pili. Julai 31, 2010 ndipo wakaulizwa swali la namna hiyo, mnakubali serikali ya umoja wa kitaifa? Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Kati ya miaka hiyo miwili visiwa vilipitia machungu mnayoyajua, siyaandiki.


SEHEMU YA 6, fupi

Mwalimu wangu kasoma sehemu zilizotangulia, kanisimamisha njiani jana. Anasema bado ofisi inahitajika, mtendaji anafanyia kazi sebuleni kwake na mhuri unakaa kabatini na vikombe. Kweli kabisa, mwalimu. Mimi mwenyewe katika punje zangu 10 ningeipa ofisi 2. Sijawahi kusema ofisi haina maana, nimesema hatujui ina maana kiasi gani kwa nani, kwa sababu hatukuuliza.

Akaniuliza tena, je, maharage yakisema ofisi? Yakisema ofisi nitabeba tofali la ofisi kichwani kama wengine, na nitaendelea kupokea akina mama wa machela. Nitakuwa najua kwamba kijiji kilipima kikaona hivyo.

Mkutano mkuu unaofuata uko baada ya miezi mitatu, kama kawaida. Matofali ya ofisi hayajaanza kufyatuliwa, mvua bado. Nimemwendea mwenyekiti, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza maharage ni ya nani, nikamwambia ni yangu na hayaliki tena. Akasema andika barua, ipitie kwa mtendaji, iwe ajenda. Nimeandika. Wa kitongoji cha chini naomba mpande siku hiyo, hata wawili kwa kila nyumba, anayeweza kutembea amwachie watoto asiyeweza. Nimeomba zamu ya mchana ibadilishwe ili niwepo.

Punje ziko kwenye ndoo nyuma ya nyumba yangu, za zambarau, zimeshakauka.